Tupeane uzoefu: Wajenzi wa modeli tunafanyaje kazi Krismasi, nyumba ikijaa wageni?

Reli ya Bonde (Nakuru)

Wanajamvi, salamu kutoka Nakuru. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu Desemba ndio mwezi ambao sisi tunaojenga modeli, yaani vifano vidogo vya treni, meli, magari na majengo, hupata likizo ndefu na, papo hapo, hunyang'anywa meza. Shule zimefungwa, jamaa wanawasili kutoka Nairobi na Mombasa, na chumba kilichokuwa karakana mwaka mzima kinageuka kuwa malazi ya binamu. Ningependa kila mmoja aeleze anajenga nini msimu huu, anatumia vifaa gani, na anaelewana vipi na watu wa nyumbani wakati gundi haijashika.

Mimi ni mtu wa reli. Shida kubwa ya anayejenga reli yetu ya zamani ni upana wake. Reli ile, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba mwaka 1901, ina upana wa mita moja, ilhali reli za modeli zinazouzwa kwa wingi ng'ambo katika skeli ya 1:87 (sentimita moja ya modeli ni sentimita 87 za kitu halisi) zina upana wa milimita 16.5, kwa kuwa zinawakilisha reli ya milimita 1,435 kama ile ya SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Gawanya mita moja kwa 87 na utapata milimita 11.5. Kwa hiyo mtu anayetaka stesheni ya Nakuru mezani pake ama atafute reli ya modeli ya milimita 12 abaki katika 1:87, ama achukue ile ya milimita 9, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana, kisha apunguze kila kitu kwa skeli ya 1:111. Nimechagua njia ya pili. Vichwa vya garimoshi vya daraja la 59, ambavyo kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda 34 katikati ya miaka ya 1950 na vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Katika 1:87 kichwa kimoja kinazidi sentimita 36, na kwangu hakuna meza ya kukigeuzia. Kimoja kati ya hivyo, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, na picha nilizokipiga ndizo ramani yangu.

Hata hivyo, Krismasi sigusi kichwa cha garimoshi. Najenga majengo kwa kadibodi na gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu kazi hiyo haina harufu na mtu anaweza kuiacha wakati wowote akaenda kupokea mgeni getini. Hewa ya Nakuru mwezi huu ni kavu na ina vumbi, na rangi ya maji hukauka kwenye ncha ya brashi kabla ya kufika ukutani, hivyo huongeza tone la gliserini katika rangi. Ukuta uliopakwa rangi naufunika kwa beseni lililopinduliwa hadi ukauke.

Mke wa Fundi (Bungoma)

Ndugu wa Nakuru, beseni hilo ndilo la kukandia unga wa chapati, na mama wa nyumba yako ana subira kunishinda.

Mimi si mjenzi. Nimeolewa na mjenzi wa ndege za plastiki, naye ni mtu mwema, lakini ilibidi tuandikiane mkataba. Kazi yake yote ya Desemba lazima ikae juu ya sinia moja. Sinia likipandishwa juu ya kabati, meza ni yangu, na hakuna mjadala. Sharti la pili halihusu nafasi bali uhai: thina na rangi za mafuta hazifunguliwi ndani wakati jiko linawaka, kwa sababu mvuke wake hushika moto, na siku ya Krismasi kwetu jiko haliwi moja. La tatu ni watoto wa shemeji zangu. Vipande vidogo vinafungiwa ndani ya mkebe wenye kifuniko, na wembe unahesabiwa kabla ya taa kuzimwa. Wanaume mnaosoma hapa mnaweza kuiga bila malipo.

Nahodha wa Nchi Kavu (Kisumu)

Mama wa Bungoma, mkataba huo nimeusoma kwa sauti hapa nyumbani na umepitishwa bila kupingwa.

Mimi hujenga meli za ziwa letu la Viktoria, na nina sababu ya kuamini kwamba hakuna mahali panapomfaa mjenzi wa modeli kuliko Kisumu. Meli ya kwanza ya mvuke ya serikali katika ziwa hili, SS William Mackinnon, yenyewe ililetwa ikiwa vipande. Iliundwa Paisley, Scotland, na kampuni ya Bow, McLachlan, kwa utaratibu wa zama hizo wa meli za kupelekwa mbali: kiwandani huunganishwa kwa bolti na nati tu, kila kipande hutiwa alama, kisha hufunguliwa yote na kufungwa katika mizigo. Vipande vya Mackinnon vilishuka Mombasa wakati reli ilikuwa bado haijafika huku, hivyo sehemu ya safari ilifanywa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na meli ikashushwa majini kabla ya reli kutia mguu ziwani. Kila nikifungua kasha la modeli nikaona kipande kimoja hakipo, nawakumbuka mafundi wale waliopaswa kuunganisha meli nzima ufuoni, kiwanda kikiwa ng'ambo ya bahari.

Msimu huu niko kwenye MV Uhuru, ile feri ya kubeba mabehewa ya treni iliyoundwa na Yarrow wa Scotland na kuunganishwa hapa Kisumu katikati ya miaka ya 1960. Ina urefu wa takriban mita 92, na katika 1:200 inanipa sentimita 46, ambazo zinaenea kwenye sinia la Mama wa Bungoma. Hakuna kampuni ninayoijua inayouza seti ya vipande vya meli hii, hivyo kila kitu natengeneza mwenyewe. Umbo la chini nimelipanga kwa tabaka za kadibodi nene, nikalijaza kwa puti ya gari na kulisugua kwa msasa wa maji. Kuta za juu ni plastiki bapa iliyokatwa kutoka mabango ya matangazo yaliyotupwa. Kamba za mlingoti ni nyuzi nilizochambua kutoka kipande cha wavu wa omena, kwa maana katika 1:200 kamba yenye unene wa sentimita 2 inakuwa ya milimita 0.1, na uzi wa kawaida wa kushonea ni mnene kuliko huo.

Sasa niseme juu ya wageni, kwa sababu hapa nina maoni tofauti kidogo na wenzangu. Wageni wa Krismasi ndio maktaba yangu. Baba yangu mkubwa alifanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Seme, na huja kwetu mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi baada ya ibada. Mwaka jana nilimwekea modeli mbele yake kabla hata ya chai. Aliitazama kwa muda, akaomba penseli, akachora jinsi reli za sitahani zinavyogawanyika kutoka mahali mabehewa yanapoingilia, na jinsi behewa linavyofungwa lisitembee ziwa likichafuka. Kisha akaeleza kwamba mabehewa hayakuruhusiwa kuingizwa upande mmoja yakajaa kabla ya upande wa pili, kwani meli ingelala. Mambo hayo hayamo katika picha yoyote niliyowahi kuona. Mwaka huu nimemwandalia daftari, na nimewaomba vijana wamwache akae upande wenye mwanga.

Kuhusu rangi, hali yetu ni kinyume cha Nakuru. Hewa ya ziwani ina unyevu, na rangi ya kopo la kupuliza ikipulizwa asubuhi mapema au jioni mvua inapojikusanya, thina inayokimbia hupoza uso wa modeli, maji ya hewani yanatua juu yake na rangi inakauka ikiwa na utando mweupe. Mimi hupuliza kati ya saa tano na saa nane mchana, jua likiwa kali, kivulini.

Mwana wa Lurambi (Kakamega)

Kaka wa Kisumu amesema kweli kuhusu wazee. Mimi naishi Nairobi na kila Krismasi nashuka kwetu Kakamega kwa basi, ambapo nauli ya msimu huu peke yake inamnyima mtu hamu ya kununua rangi. Nabeba kisanduku kidogo tu: wembe, kibano, msasa, gundi na mradi mmoja unaoenea kiganjani.

Mwaka huu ni trekta. Wengi hawajui kwamba modeli ya kwanza kabisa ya vipande ya kampuni ya Airfix ya Uingereza, mwaka 1949, haikuwa ndege ya kivita bali trekta la Ferguson. Nimelijenga langu kwa mabati ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Baba mdogo, ambaye alilima mashamba ya watu kwa Massey Ferguson tangu ujana wake, alilichukua kutoka mkononi mwangu, akaligeuza, akaniambia kwamba trekta lililofanya kazi haliwi jekundu namna ile: rangi huanza kuisha pale ambapo dereva hukanyaga anapopanda, halafu kwenye usukani, halafu kwenye boneti karibu na kifuniko cha mafuta. Nilisugua palepale alipoonyesha. Tangu hapo kila jirani anayepita anakaribishwa alitazame, na mjadala kuhusu mwaka ambao trekta la kwanza lilionekana kijijini umechukua nafasi ya siasa, jambo ambalo mama amelishukuru sana.

Mwalimu wa Mpakani (Busia)

Mimi sikuchagua mradi wangu wa Krismasi, nilichaguliwa. Paroko aliposikia kwamba nyumbani kwangu kuna nyumba ndogondogo za kadibodi, alinikabidhi pango la kanisa, yaani mandhari ya kuzaliwa kwa Yesu yenye sanamu. Wanaodhani pango si kazi ya skeli hawajawahi kupewa sanamu zilizonunuliwa maduka tofauti.

Nilianza kwa kumpima Yosefu. Anasimama sentimita 30, na nikichukulia kwamba mtu mzima ana sentimita 170, hiyo ni karibu 1:6. Kutoka hapo kila kitu kinajipanga: mlango wa mita mbili unakuwa wa sentimita 33, na fito za ukutani zenye unene wa sentimita 3 zinakuwa njiti za milimita 5. Nimejenga kibanda cha fito na udongo kama vile ambavyo kila Mkristo wa huku amewahi kuviona kwa macho yake, kimeezekwa kwa nyasi laini za kufumia ufagio, kwa sababu nyasi za paa halisi zingeonekana magogo. Udongo nimeuchanganya na gundi nyeupe na mchanga uliochekechwa ili usipasuke ukikauka.

Tatizo lilikuwa punda. Katika 1:6 punda anapaswa kufika kama sentimita 18 begani, lakini aliyeletwa na akina mama wa jumuiya alikuwa sawa kwa kimo na Yosefu, na hakuna aliyethubutu kupendekeza arudishwe, kwa kuwa alichangiwa. Tulimweka mbele kabisa, upande wanakopita waumini, na sanamu za wachungaji zilizo fupi zaidi tukazipeleka nyuma kabisa. Jicho linasoma ukubwa wake kuwa ukaribu. Wachoraji wa majukwaa hutumia mbinu hiyo kila siku, na inafaa vilevile katika modeli yoyote isiyo na kina cha kutosha.

Jambo moja nililokataa katakata ni mishumaa ndani ya pango. Nyasi kavu na mwali havikai pamoja. Nimetumia taa ndogo za LED, ambazo hazitoi joto la kutisha, nikazificha nyuma ya boriti.

Konda wa Karatasi (Kondele, Kisumu)

Heshima kwenu wakubwa. Mimi najenga matatu, na Krismasi kwangu ni msimu wa mavuno kwa sababu ya vifuniko vya soda. Kifuniko kimoja kina kipenyo cha milimita 32. Tairi la matatu ya abiria 14 lina kipenyo cha karibu sentimita 66, hivyo ukianza hesabu kwenye gurudumu unapata skeli ya karibu 1:20, na gari la urefu wa mita 4.7 linakuwa na sentimita 23 na nusu. Najua wengi huchagua skeli kwanza ndipo watafute magurudumu, lakini mtu asiye na duka la vifaa aanze na kile kisichoweza kukatwa. Mkanda wa mpira wa baiskeli unazunguka kifuniko na tairi limekamilika. Mstari wa manjano wa ubavuni, ule ulioletwa na kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, naupaka kwanza, naufunika kwa selotepu, ndipo napaka rangi nyingine juu yake, kwa maana manjano hayafuniki rangi nzito hata ukirudia.

Nina swali. Madirisha yangu ya plastiki angavu hupata ukungu mweupe pembeni kila nikiyabandika kwa supa gluu. Nifanyeje? Binamu zangu wanafika tarehe 24 na nimewaahidi matatu iliyokamilika.

Nahodha wa Nchi Kavu (Kisumu)

Kijana wangu, ukungu huo ni mvuke wa supa gluu yenyewe, ambao hutua kwenye plastiki na kugandia hapo, na unyevu wetu unauzidisha. Usiitumie kwenye dirisha lolote. Tumia gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikikauka inakuwa angavu, na iliyozidi unaifuta kwa kitambaa chenye maji kabla haijashika. Madirisha yabandikwe mwisho, baada ya rangi yote ya kupuliza kukauka. Yale yaliyokwisha kuharibika yang'oe, na plastiki mpya utaipata kwenye kasha lolote la shati jipya, ambalo wiki hii halikosekani katika nyumba yoyote.

Reli ya Bonde (Nakuru)

Naongezea kwa Konda: katia dirisha kubwa kuliko tundu kwa milimita mbili kila upande, ulibandike kutoka ndani, na gundi haitaonekana kabisa. Na Mwalimu wa Busia, tafadhali tuwekee picha ya pango, hasa ikionyesha punda. Mama wa Bungoma ajue kwamba beseni limerudi jikoni tangu jana jioni, na stesheni ya Nakuru sasa imefunikwa kwa kasha la keki.