Naomba ushauri: Taiyō ni Hoero! nianzie wapi?

Habarini wanajamvi. Nina hamu ya kuitazama Taiyō ni Hoero!, ile tamthilia ya wapelelezi wa Tokyo iliyorushwa Japani kuanzia 1972 hadi 1986. Shida ni vipindi 718! Nilianza cha kwanza, nikaishia cha tisa hoi, maana Kijapani changu cha kuokoteza na maandishi ya tafsiri sina. Kila sentensi narudisha nyuma mara tatu. Halafu rafiki kaniharibia utamu: yule mpelelezi kijana wanayemwita Makaroni anauawa, na nafasi yake anaichukua Jiipan, anayeigizwa na Yusaku Matsuda.

Je, nikirukia hapo kwa Jiipan nitapotea? Na mliojifunza lugha kwa tamthilia, maneno ya polisi hawa yanamfaa mwanafunzi, au nitaishia kujua kufoka tu?