Yule mjuaji wa kijiwe cha Kabwe kanidhalilisha mbele ya mke wangu

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Wa Mbeya mnamjua. Yule wa kijiwe cha kahawa pale Kabwe, anayejua kila kitu kuanzia mwezini mpaka Mwanjelwa. Leo kaamka na mada ya kudurufu watu: eti walishadurufu kondoo wakampata Dolly kule Scotland mwaka 1996, kesho zamu yetu. Sawa. Mke wangu akapita na kikapu cha ndizi, jamaa akamwita kijiwe kizima kikisikia:

"Shemeji, tukikutolea kopi ya huyu, sura ileile, kumbukumbu zilezile, ila haikoromi, utabaki na yupi?"

Mke wangu akauliza: "Hiyo kopi inalipa kodi ya nyumba?"

INALIPA KODI! Watu wameanguka chini, muuza kahawa kamwaga birika zima, nadhani hata mlima Loleza umetikisika. Najaribu kueleza kwamba Dolly alizaliwa kichanga kama kondoo yeyote, hakuja na kumbukumbu za yule aliyetolewa seli ya kiwele, kwa hiyo kopi yangu ingeanza kwa kunyonya. Nani anasikiliza? Hakuuliza kama huyo ni mimi au si mimi. Hakuuliza mimi orijino nitalala wapi. Kauliza kodi!

Mla Kande: Kwa hiyo shemeji yuko radhi alee kichanga kuliko kuishi na wewe. Pole mkuu.

Binti Uyole: Tusizunguke. Kodi umelipa?

Mleta mada: Hiyo SIYO mada!!

Doto wa Tukuyu: Mnaogopa ya kesho, mimi nina kopi tangu tumboni. Kulwa anakopa, nadaiwa mimi. Alama za vidole hatufanani, ila mwenye duka hana mashine ya vidole, ana rungu.

Mtu wa Njombe: Kopi ndiyo ajabu? Huku unauza gunia moja la viazi, likifika Dar yanatoka mawili. Lumbesa hiyo, gunia la kujaza kupita kipimo.

Mla Kande: Si sheria inasema lisizidi kilo 100?

Mtu wa Njombe: Sheria inaishi mjini. Shambani kuna dalali, anakushonea wavu juu ya gunia huku anakuita baba mkwe.

Mleta mada: Jamani, mke wangu kaniuliza mbele ya watu...

Binti Uyole: Subiri kwanza mkuu. Njombe, gunia linaendaje sasa hivi?