Mrejesho: plasta iliyobanduka, Nkuhungu

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza nifanye nini na fundi aliyepiga plasta nyumba yangu Nkuhungu, ikabanduka hata rangi sijapaka, na simu hapokei. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikabeba picha, risiti za saruji na meseji za miamala. Fundi akaitwa kwa barua, akaja. Fundi mwingine, mzee mmoja, akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo mbele yetu: sebule yote inalia ko ko ko, ndani patupu. Mchanga ulikuwa na vumbi jingi, na ukuta haukumwagiliwa hata siku moja, kwa jua hili la Dodoma!

Yule fundi wa kwanza alikubali kwa maandishi. Sebule ameirudia, safari hii nimemwagilia mwenyewe asubuhi na jioni siku 7, na mpaka leo haina ufa. Vyumba 2 hakuvigusa, kapotea tena. Nimemalizia na yule mzee kwa pesa yangu, na inauma.

Aliyenishauri nisimalizie malipo, Mungu akubariki. Ile laki 2 niliyoizuia ndiyo iliyomrudisha.