Re: Mimi Minneapolis, mume Houston: kesi ya talaka nifungue wapi?

Mama mgeni, Minneapolis

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Huu ni mwezi wa nne tangu nitoke Houston, Texas, nije hapa Minneapolis, Minnesota, na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu. Tumejisitiri kwa dada yangu. Mume kabaki kwenye nyumba aliyoinunua baada ya ndoa. Ndoa tulifungia Tanga, cheti ninacho. Nataka kudai talaka hukuhuku, lakini karani wa mahakama kasema sijatimiza siku. Mume naye kila akipiga simu ananiambia, "Talaka nitakuandikia kwa WhatsApp, mahakama ya nini?" Jamani, nishike lipi?

Mkalimani, St. Paul

Pole sana dada. Mimi si wakili, nafanya ukalimani mahakamani, na jambo hili nimeona likiwaumiza wengi, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Karani kakwambia kweli. Minnesota inataka mmoja wenu awe ameishi humu siku 180 kabla ya kesi kufunguliwa. Lakini Texas unaweza kufungua hata wiki hii bila kuhamia tena huko. Sheria yao inaruhusu aliye nje ya jimbo afungue kesi kwenye kaunti anayoishi mwenzake, mradi huyo mwenzake amekuwa mkazi wa Texas kwa miezi 6. Hakikisha kwanza ni kaunti gani: sehemu kubwa ya Houston iko Harris, lakini mitaa mingine imeangukia Fort Bend.

Usihesabu siku zako peke yake. Hesabu na za mtoto. Kuvunja ndoa ni suala moja, malezi ya mtoto ni jingine, mali ni la tatu, na mahakama ya jimbo moja inaweza kuwa na uwezo juu ya moja tu. Kwa malezi wanaangalia mtoto ameishi wapi miezi 6 mfululizo kabla ya kesi. Mwanao aliishi Texas na baba yake bado yuko huko, kwa hiyo kwa sasa Texas ndiyo yenye neno. Miezi 6 ikitimia mkiwa hapa na hakuna aliyefungua kesi, Minnesota inachukua nafasi hiyo. Mume akifungua kesi Texas kabla ya hapo, habari ya mtoto itaamuliwa huko. Ndiyo maana nakusihi umwone wakili wa msaada wa kisheria sasa, usingoje siku 180 zitimie.

Kama uliondoka kwa kupigwa au kutishwa, hayo yote yanabadilika. Nenda mahakamani hapa Minneapolis uombe amri ya ulinzi, hulipi ada, na jaji wa Minnesota anaweza kumlinda mtoto kwa muda hata kama kesi kuu ni ya Texas. Kuna pia mpango wa jimbo uitwao Safe at Home, unaokupa sanduku la posta ili anwani yako halisi isionekane kwenye makaratasi. Uliza habari hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, maana fomu ya kiapo kuhusu malezi ya mtoto inataka kila anwani aliyoishi ndani ya miaka 5 na majina ya aliokaa nao. Kwako ni tangu azaliwe. Nimeona mama akiandika anwani ya dada yake pale bila kujua kwamba nakala inakwenda kwa mume.

Nyumba iache kwa Texas. Mahakama ya hapa inaweza kuivunja ndoa, lakini mume ambaye hajawahi kukanyaga Minnesota si rahisi kumwamuru kuhusu mali au matunzo yako.

Makaratasi: cheti cha ndoa pamoja na tafsiri iliyotiwa saini na mfasiri, cheti cha mtoto, hati za kodi, stakabadhi za mshahara, na karatasi za nyumba na mkopo wake. Texas ina fomu ya kiapo kwa asiyemudu ada. Samansi huruhusiwi kumpelekea mwenyewe, hupelekwa na konstebo, sherifu au mpelekaji aliyeidhinishwa. Na akikutangulia kufungua yeye, ukishapokea samansi una hadi saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20. Usiipuuze. Usisaini karatasi yoyote anayokutumia bila wakili kuisoma kwanza.

Mzee, Baltimore

Binti yangu, talaka ya dini ina heshima yake, lakini mbele ya serikali ya huku haivunji ndoa. Hapa Maryland mume mmoja, mkewe alipofungua kesi, alikwenda ubalozi wa Pakistan akaandika talaka tatu ili asigawane naye pensheni. Ni kesi ya Aleem. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya jimbo ilikataa kuitambua talaka ile. Ujumbe wa WhatsApp utaishia wapi? Utunze tu, mwonyeshe wakili.

Hukumu ikitoka chukua nakala kadhaa zenye muhuri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ina vifungu vya kutambua talaka ya mahakama ya nje, na siku ukitaka kuolewa tena nyumbani utaulizwa karatasi hiyo.

Mama mgeni, Minneapolis

Shikamoo baba, na ahsante kaka. Kadi yangu ya ukaazi (green card) ni ile ya miaka miwili, niliipata kupitia yeye. Anasema tukiachana narudishwa.

Mkalimani, St. Paul

Hapana dada, asikutishe kwa hilo. Hukumu ya talaka ikitoka unajaza fomu I-751, ile ya kuondoa masharti ya kadi ya miaka miwili, peke yako, bila saini yake, ukionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli: picha, akaunti ya pamoja, cheti cha mtoto. Tena ulipohamia hapa ulitakiwa kuwajulisha uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Kama hukufanya, jaza leo mtandaoni, haina ada. Ila kama unajificha, ongea na wakili kwanza ni anwani gani ya kuandika. Nitumie ujumbe kando, nikuelekeze ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe.