Mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi la mbao unahitaji mikono minne, na fundi ana miwili

Wakuu, huu uzi unawahusu watengenezaji. Mota iko sawa, feni iko sawa, lakini ukifika kwenye kutoa mfuko uliojaa unaona wazi kwamba aliyeichora mashine hajawahi kuumwaga.

Tuanze na mkanda wa chuma unaobana mfuko wa chini. Mkono mmoja ushike plastiki, mwingine unyooshe mikunjo, wa tatu uzungushe mkanda, wa nne ufunge klipu. Mkunjo mmoja ukinaswa chini ya mkanda umeacha upenyo, na kwa kuwa feni inasukuma hewa kuingia mfukoni, vumbi laini linatokea hapohapo, usoni pa fundi. Kulabu nne ukingoni zingetosha: mfuko unaning'inia, ndipo unafunga mkanda. Kwa nini hazipo?

Kwenye saikloni, yaani mashine inayozungusha hewa ili maranda yaangukie kwenye pipa la chini, yenye feni juu, tatizo limegeuka. Pipa linavutwa hewa, kwa hiyo mfuko ulio ndani unanyonywa juu, unaziba njia au unachanika. Dawa yake ni bomba jembamba la kuvuta hewa kati ya mfuko na ukuta wa pipa ili mvuto ulingane pande zote mbili, au kikapu cha waya ndani ya mfuko. Vitu vya bei ndogo, lakini mnunuzi anaachwa abuni mwenyewe! Kifuniko nacho kinakuja na sponji nyembamba. Pipa likivuja hata kidogo, hewa inayoingia inarusha vumbi juu, na chujio linaziba.

Tena wekeni kioo cha kuonyesha kimo. Pipa likijaa, maranda yote yanapanda kwenye chujio, na fundi anajua mvuto ukishakufa.

Wenye karakana nao wasijifiche. Kumpa kijana kitambaa afunge puani ni kumdhuru. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, la visababishi vya saratani kwa binadamu, tangu 1995. Barakoa iwe ya daraja la FFP2 la kuchuja vumbi, au zaidi, ivaliwe kabla ya kufungua klipu. Zima mashine, kung'uta chujio, subiri vumbi litue, ndipo ufungue. Toa mfuko ukiwa theluthi mbili, maana ukijaa kabisa shingo haisokoteki. Na jamani, msiukandamize kutoa hewa! Hewa hiyo inatoka na lile vumbi laini kabisa, lile linaloingia ndani ya mapafu. Sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba ya plastiki, kisha ingiza mfuko wote ndani ya mwingine.

Msumeno ukigonga msumari, cheche inaweza kufukuta ndani ya maranda kwa saa nyingi. Mfuko ukitoka ulazwe nje, kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, mbali na matambara ya mafuta ya kitani, ambayo huwaka yenyewe. Lakini kwenye vitabu vya maelekezo, ukurasa wa kubadilisha mfuko una mchoro mmoja na mshale tu.