Ardhi ya ukoo Tororo: CCO au frihodi kabla ya mkataba wa miti ya kaboni?

mkulima_bukedi:
Habari za humu wakuu. Kuna ardhi ya kimila ya familia upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, ekari 11 hivi, inashuka hadi Mto Malaba. Wanaoilima ni ndugu watatu, pamoja na mjane wa ndugu wa nne na watoto wake. Kampuni ya miti ya kaboni (inayolipa watu wapande miti ili iuze hewa ya ukaa iliyofyonzwa) inataka mkataba wa miaka 25 na inadai karatasi ya ardhi kwanza. Wengine wanasema tukate frihodi (hati ya umiliki kamili usio na kikomo) moja kwa moja, wengine wanasema CCO (cheti cha umiliki wa kimila) inatosha. Tuanzie wapi, na liandikwe jina la nani?

kalamu_ya_sheria:
CCO inatosha, na kwa hali yenu ndiyo inayofaa. Sheria ya Ardhi ya 1998 inazitaka benki na taasisi zikitambue cheti cha umiliki wa kimila kama ushahidi wa haki ya mwenye ardhi. Frihodi inadai upimaji kamili, gharama yake iko juu, na jina moja likishaingia huko ndugu wengine wanabaki kuomba. CCO inaweza kubadilishwa kuwa frihodi baadaye mkitaka.

Fomu ya maombi inapelekwa kwa kamati ya ardhi ya gombolola (tarafa ndogo ndani ya wilaya), ile ya watu watano. Kamati inabandika tangazo mahali pa wazi kwenye muluka (sehemu ya gombolola) na juu ya ardhi yenyewe, na kikao cha kusikiliza madai hakifanyiki kabla ya wiki mbili kupita. Siku ya kikao wanatembea mpaka, wanachora, na wanaandika haki za watu wengine, kwa mfano njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Pendekezo lao linakwenda Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Bodi ikipitisha, cheti kinatolewa pale gombololani.

Mengi yanaharibikia kwenye tangazo. Likibandikwa nyumbani kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) peke yake, yule ndugu aliyeko Kampala anaibuka baada ya cheti kutoka, na hoja yake inasikilizwa. Na mhuri wa LC1 haumpi mtu ardhi. LC1 ni shahidi tu.

Kuhusu jina: sheria inaruhusu mtu, familia au jamii kuomba. Ombeni kama familia, na wote wanne waandikwe, mjane akiwemo kwa jina lake mwenyewe, si "mke wa marehemu fulani". Desturi inayomnyima mwanamke au mtoto haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu kisheria, na kamati ina wajibu wa kumlinda hata asiyekuwepo. Majina yalingane herufi kwa herufi na vitambulisho vya taifa.

Mpima Mipaka:
Kwenye mchoro msitegemee simu peke yake. Eka moja yenye umbo la mraba ina upande wa mita 64 hivi. GPS ya simu ikikosea mita 5 upande mmoja tu, mmeongeza au mmepoteza mita za mraba 320, yaani asilimia 8 ya eka. Tumieni kamba ya kupimia kwenye kila kona, simu iwe ya kusaidia tu, na majirani wa pande zote watie sahihi siku hiyohiyo wakiwa wamesimama mpakani. Sahihi za kuzungushwa nyumba kwa nyumba ndizo zinazokanwa baadaye.

Kwenye kona pandeni mulamula, ule mti wa kuonyesha mipaka, inashika hata kwa kipande cha shina. Mkaratusi usiwe mti wa mpaka: mizizi na kivuli vinaingia kwa jirani, na ugomvi unaanza kabla mti haujafika kimo cha nguzo.

Miti Kwanza:
Hakuna aliyegusa mto. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo zinaweka ukanda wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na Malaba umo. Mito mingine ni mita 30. Kipimo kinaanzia pale maji yanapofika yakijaa kabisa, si yalipo wakati wa kiangazi. Kama upande wenu wa mtoni una urefu wa mita 120, ukanda huo unachukua karibu ekari 3 kati ya 11. Msiziahidi kwenye mkataba kana kwamba ni shamba la kawaida. Ulizeni ofisi ya mazingira ya wilaya kinachoruhusiwa. Kama kuna kinamasi hapo mtoni, kiacheni nje ya ombi la CCO kabisa, kwa kuwa serikali inakishikilia kwa niaba ya wananchi.

Mkataba usomwe neno kwa neno. Ukiandikwa "kukodisha ardhi", kataeni. Mnachouza ni kaboni inayofyonzwa na miti, si ardhi. Kampuni ya kigeni hairuhusiwi kumiliki ardhi Uganda, inaweza kupata lizi (ukodishaji wa ardhi kwa muda maalumu) tu, hadi miaka 99, na lizi ni mzigo tofauti kabisa. Wake wa hao ndugu watoe ridhaa kwa maandishi. Halafu ulizeni: ukame ukiua miche, nani anagharimia kupanda upya? Malipo ya miradi hii mara nyingi huja kwa awamu kufuatana na miti iliyo hai, kwa hiyo kifungu hicho ndicho kinaamua mtapata nini. Sheria ya Misitu ya 2003 pia inaruhusu kusajili msitu binafsi kwenye Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Fanyeni hivyo.

mkulima_bukedi:
Asanteni sana. Wamesema cheti halisi kikitoka kitunzwe ofisini kwao "kwa usalama". Ni kawaida?

kalamu_ya_sheria:
Hapana. Kumkabidhi mtu cheti halisi ni njia mojawapo ya kuweka rehani. Wapeni nakala iliyothibitishwa. Wakisisitiza, waandike sababu, na muionyeshe kwa wakili kabla ya kusaini chochote.