"Up" si "juu": mnaitafsirije kwenye maelekezo ya mashine?

mfasiri_pakwach
Hamjambo ndugu zangu. Nina kijitabu cha Kiingereza cha pampu ya petroli ya kumwagilia mashamba, kinatakiwa Kiswahili kwa vikundi vya wakulima wa huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wengine wa Kamuli, mashariki. Linalonisumbua ni neno la herufi mbili tu, "up". Kila ukurasa lipo: set up, fill up, top up, warm up, heat up, seize up, tighten up, suck up, up to 7 metres, up to the mark. Nikiandika "juu" sentensi inachekesha. Nikiliacha, nahofia nimepunguza kitu. Kuna kanuni?

KalamuKavu
Kanuni ya kwanza ni kusahau kwamba "up" ni neno. Mara nyingi ni mkia wa kitenzi, na kinachotafsiriwa ni mnyama mzima. Lifunike kwa kidole, usome sentensi tena.

Maana ikibaki ileile, basi kazi yake ni kuonyesha kwamba tendo limefika mwisho wake. Fill ni kujaza, fill up ni kujaza pomoni. Hapo jiulize kama kitenzi cha Kiswahili hakijaubeba ukamilifu huo tayari. Burn up ni kuteketea, na "teketea kabisa" ni kuongeza maji kwenye mto. Dry up ni kukauka, basi. Lakini use up hakitoshi kuwa "tumia". Lazima useme petroli imekwisha, au imetumika yote.

Pale kitu kinapogawanyika vipande, Kiswahili kina dawa nzuri kuliko "kabisa": rudia kitenzi. Cut up ni katakata, tear up ni chanachana. Wafasiri wengi huisahau hii, kisha wanajaza ukurasa kwa "kabisa" hadi msomaji anachoka.

Wasemaji wa Luganda hawana haja ya kuelezwa sana. Okumala ni kumaliza, okumalawo ni kumaliza pasibaki kitu. Ile -wo ya mwisho inafanya kazi ya "up" hiyohiyo.

Maana ikibadilika ukilifunika, acha kukisia. Set ni kuweka, set up kwa pampu ni kuifunga tayari kwa kazi. Tafuta maneno yote mawili kama kidahizo kimoja, yaani neno moja lenye maelezo yake, kwenye kamusi.

nati_na_boliti
KalamuKavu amesema vizuri, ila kwenye mashine jaribio la kidole lina mtego. Chukua warm up na heat up. Ukifunika "up", zote mbili ni kupasha moto. Kwenye vijitabu vya injini ni vitu viwili vinavyopingana. Warm up inatakiwa: washa, iache iungurume bila mzigo dakika 2 au 3, ndipo uongeze mwendo. Heat up inakatazwa, ni injini kuchemsha. Ukiandika "injini ipate moto" pande zote mbili, mkulima ataambiwa aifanye na asiifanye katika ukurasa mmoja. Andika "ipashe injini" na "injini isichemshe".

Seize up usiipe "kushika" peke yake, maana breki nazo hushika na ni jambo jema. Ni pistoni kukwama ndani ya silinda, mara nyingi kwa sababu oili imepungua. Mafundi wengi wataishia kusema imenoki, lakini kijitabu kiseme "injini itakwama" na kitaje oili papo hapo.

Tighten up ni kaza. Top up ni kuongezea kilichopungua, si kujaza upya. Tofauti hii ina gharama: aliyeambiwa "jaza oili" atamimina chupa nzima juu ya oili iliyomo, moshi utoke na plagi ichafuke.

mfasiri_pakwach
Asanteni sana. Na "suck up water from up to 7 metres"? Ziko mbili katika sentensi moja.

nati_na_boliti
Ya kwanza imo ndani ya "kuvuta", iache. Ya pili ndiyo hatari. "Up to the mark" ni shabaha: ongeza oili hadi ifike alama. "Up to 7 metres" ni dari: unaweza kukaa chini yake, usiipite. "Hadi" ya Kiswahili inabeba zote mbili, na mkulima akisoma "huvuta hadi mita 7" ataiweka pampu mita 7 na nusu juu ya maji akitegemea ukarimu wa fundi.

Andika hivi: "Kimo kutoka usawa wa maji hadi kwenye pampu kisizidi mita 7." Kisha mpe sababu kwa mstari mmoja. Maji yanasukumwa na uzito wa hewa ya nje, na uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi hata ukiwa pwani. Msuguano wa bomba na viungo vinavyopitisha hewa vinakula zinazobaki. Kamuli iko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hivyo toa kama mita 1 nyingine. Kwa vikundi vya huko ningeandika mita 6 na kumwambia mwenye kijitabu kwa nini.

mwl_sarufi
Kwa faida ya wengine, kuna jaribio lisilohitaji kamusi. Badilisha nomino iwe kiwakilishi "it", uone kinakaa wapi. Run up a hill inakuwa run up it: hapo "up" ni mwelekeo kweli, ni kupanda kilima mbio. Run up a bill inakuwa run it up: hapo "up" ni mkia wa kitenzi, na maana ni kulimbikiza deni. Kiwakilishi kikiingia katikati, "juu" na "panda" vitupwe.

Watu hupenda kuhesabu maana za "set", ambayo toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, la 1989, liliipa maana 430 kama kitenzi. Lakini chunguza nyingi za vitenzi hivi vifupi, utakuta mkia ndio unaozizalisha. Bring up peke yake ni kulea mtoto, kuibua hoja na kutapika.

Angalieni pia matini yaliyoandikwa hapa Uganda. Kiingereza chetu huongeza "up" pasipo nayo, kama "cope up with", na huiacha inapotakiwa: "pick him from the stage" ni mchukue steji. Usiitafute maana ya ziada, haipo.

KalamuKavu
Nyongeza ndogo. "It is up to the group to decide" isiwe "shauri yenu". Hiyo ina kitisho ndani yake, kana kwamba yakiharibika tusilaumiane. "Ni juu yenu" ni Kiswahili safi, ndipo mahali pa nadra "juu" inapokubali, lakini inaelemea upande wa wajibu. Kwenye kijitabu andika "uamuzi ni wa kikundi".

Laropi_kivukoni
Hamjagusa "up the river". Kwa pampu ya mtoni lazima imo: mdomo wa bomba uwekwe "up the river" kutoka mahali pa kufulia na kunyweshea ng'ombe. Wengi watatazama ramani ya ukutani, ambako juu ni kaskazini. Nile yetu inatoka Ziwa Victoria pale Jinja na kuelekea kaskazini; ikitoka Ziwa Albert inapita Pakwach na kuendelea kaskazini hadi Sudan Kusini. Kwa hiyo "up the Nile" ni kusini, chini kwenye ramani. Ndiyo maana Misri ya Juu iko kusini mwa Kairo. Na jimbo la Upper Nile la Sudan Kusini, pamoja na "juu" yake, linapokea maji yaliyokwisha pita kwetu.

Mkulima anayeweka bomba upande wa kaskazini wa mahali pa kufulia Pakwach atavuta sabuni.

mfasiri_pakwach
Kwa hiyo nikiandika "upande wa juu wa mto"?

Laropi_kivukoni
Bado atabishana na ramani. Andika "upande maji yanakotoka", na umwambie atupe jani mtoni kwanza aone linaelekea wapi.

nati_na_boliti
Na chujio mdomoni mwa bomba, tafadhali. Kijitabu kitaiweka chini ya "clog up", ambayo ni kuziba tu.